Masaa ya kazi yanapanda na kushuka: jinsi ya kuishi na Universal Credit nyumba isiyumbe

Nawaandikia wenzangu tulioko Uingereza, wa keya, weahausi, usafi, jikoni za mahoteli, wale ambao rota inatoka Ijumaa jioni na Jumapili usiku unapigiwa simu unaambiwa shifti imekufa. Mwezi huu unafanya kazi kama punda, mwezi unaofuata unapewa shifti mbili za kubahatisha, na hapo hapo ndo Universal Credit, ile hela ya serikali ya kila mwezi kwa wenye kipato kidogo, nayo inakuja imekatwa, maana inakatwa kwa ajili ya zile hela za mwezi uliopita ambazo ushazimaliza kwenye umeme na viatu vya shule. Mimi nafanya keya ya majumbani kwa mkataba wa ziro-awa, yaani mwajiri hajaahidi hata saa moja, na nina watoto wawili. Haya ninayoyaandika nimeyajua kwa kuumia, na ningeyajua mwanzo kuna siku nyingi nisingelia.

Kabla ya chochote, angalia visa yako. Kama ina masharti ya kukatazwa fedha za umma, ile wanayoiita no recourse to public funds, usiombe Universal Credit wala Child Benefit, ile hela ya watoto, hata kama jirani kakwambia yeye anapata. Visa za wafanyakazi wa afya na keya walizokuja nazo ndugu zetu wengi kutoka Kenya na Tanzania ziko hivyo, za wanafunzi nazo ni hivyo hivyo. Wenye haki ya kuomba ni kama raia, wenye ukaazi wa kudumu, waliopewa hifadhi ya ukimbizi, na waliotokea Ulaya wakapata settled status, yaani ruhusa ya kubaki moja kwa moja. Kama ndani ya nyumba mmoja ana haki na mwingine hana, tafadhali msijaze fomu kwa kubahatisha, nendeni kwanza Citizens Advice, lile shirika la kushauri watu, ushauri wao ni bure, maana kosa la hapo linakuja kukutafuta siku unaomba kuongeza visa.

Namba zote nilizoweka humu ni za mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025. Kila Aprili nyingi zinabadilika, kwahiyo njia ni ile ile lakini namba ukaziangalie upya.

Hatua ya 1: Futa kichwani habari ya masaa 16

Msibani, harusini, kwenye magrupu ya WhatsApp, kote utasikia "usizidishe masaa kumi na sita, watakukata". Maneno haya hayakutoka hewani, yalikuwa na maana enzi za benefiti za zamani, tax credits na Income Support, ambako masaa 16 yalikuwa mpaka kweli. Lakini tax credits zilifungwa kabisa tarehe 5 Aprili 2025, na Universal Credit haina mpaka wa masaa. Haiulizi umefanya masaa mangapi, inaangalia ni hela kiasi gani imekufikia mkononi baada ya kodi ya serikali, National Insurance, yaani makato ya bima ya taifa, na mchango wa pensheni.

Inavyokata ni hivi. Kama una mtoto, au una ugonjwa uliokubaliwa kuwa unakupunguzia uwezo wa kufanya kazi, kuna kiasi cha mshahara ambacho hawakigusi kila mwezi, pauni 411 kama Universal Credit inakusaidia na kodi ya nyumba, pauni 684 kama haikusaidii na kodi. Ni kiasi kimoja kwa nyumba nzima, mke na mume hawapati kila mtu chake. Juu ya hapo, kila pauni moja unayoingiza wanakata peni 55. Kama huna mtoto wala ugonjwa huo basi wanaanza kukata kuanzia pauni ya kwanza.

Namfahamu dada mmoja aliyekataa shifti za Jumamosi karibu mwaka mzima akiamini analinda benefiti. Shifti ya masaa 8 kwa mshahara wa chini wa pauni 12.21 ni karibu pauni 98, ukitoa zile peni 55 unabaki na kama pauni 44, na ukiwa unalipa kodi ya serikali inashuka zaidi. Sio hela nyingi kwa masaa nane ya kusimama, na una haki ya kusema hapana kwa sababu umechoka au kwa sababu watoto wanakuhitaji. Ila ukikataa, kataa kwa sababu yako mwenyewe, sio kwa sheria iliyokwisha kufa.

Na hapo hapo niseme la pensheni. Watu wanajitoa kwenye pensheni ya kazini wakidhani wanaongeza hela ya mkononi. Mchango wa pensheni unatolewa kabla hawajapiga hesabu ya kukukata, kwahiyo ukijitoa ili ubaki na pauni 30, Universal Credit inakula karibu pauni 16 na nusu ya hizo, wewe unabaki na 13 na nusu, na ule mchango wa mwajiri umeupoteza wote. Mimi sikushauri.

Hatua ya 2: Zijue tarehe zako, uzibandike mlangoni mwa friji

Hii ndo hatua kubwa kuliko zote na ndo watu wengi hawaifanyi.

Universal Credit inahesabu kwa mwezi wako wewe, sio mwezi wa kalenda. Mwezi huo unaanzia siku uliyoomba mara ya kwanza. Ukiomba tarehe 12, basi mwezi wako wa hesabu ni tarehe 12 mpaka 11 ya mwezi unaofuata, na unabaki hivyo hivyo miaka yote. Kwenye akaunti yako ya mtandaoni utaiona imeandikwa assessment period, mimi humu nitaiita mwezi wa hesabu. Ukiisha, siku 7 baadaye unalipwa, kwahiyo wa tarehe 12 analipwa tarehe 18. Ndo maana pia mtu anayeomba mara ya kwanza anakaa kama wiki tano bila kitu.

Sasa kitu cha kushika: mshahara unahesabiwa siku uliyolipwa, sio siku uliyofanya kazi. Ulifanya shifti za Krismasi ukalipwa tarehe 15 Januari, hizo ni hela za Januari. Na hawakuulizi wewe, mwajiri akikulipa anatuma taarifa kwa watu wa kodi, HMRC, na Universal Credit wanaiona huko huko.

Kwangu mimi kalenda iko kwenye friji, ile kubwa ya bure ya msikitini. Kalamu nyekundu nachora mstari siku mwezi wa hesabu unapoisha. Kalamu ya bluu naweka duara siku ninazolipwa kazini, nazipiga kwa mwaka mzima kabisa, Januari mpaka Desemba, inachukua dakika ishirini. Afu nahesabu maduara ya bluu kati ya mstari mwekundu na mstari mwekundu. Kwa kawaida linakuwa moja. Pale yanapokuwa mawili naandika kwa herufi kubwa HAPA, maana najua wiki moja baada ya ule mstari Universal Credit itakuja nusu. Binti yangu ana miaka tisa, anajua kabisa kwamba mwezi wenye HAPA hatuagizi kuku wa kukaanga.

Mwaka wa kwanza sikuwa na kalenda. Nalipwa kila wiki nne, na wiki nne sio mwezi, kwa mwaka unalipwa mara 13 wakati miezi ni 12, lazima kuna mwezi mmoja utameza malipo mawili. Ulipofika nilikuta imeingia hela kidogo sana, nikapiga simu nikasubiri kwenye laini dakika arobaini nikiwa kwenye basi natoka kwa mteja kwenda kwa mteja, nikaambiwa hakuna kosa lolote, umelipwa mara mbili. Na ni kweli nililipwa mara mbili, ila ile ya kwanza nilishaitumia yote nikijua ni ya mwezi ule na ya pili ni ya mwezi unaofuata. Kodi ya nyumba mwezi ule nililipa kwa kukopa kwa mama mmoja wa mtaani kwetu, nikamrudishia mpaka karibu na Idi.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mwezi mbaya kabla haujafika

Chukua mfano wa mama anayepanga, ana watoto wawili, Universal Credit yake kamili kabla ya kukatwa ni pauni 1,600. Analipwa kila wiki nne pauni 900 mkononi.

Mwezi wa kawaida: 900 toa 411 zisizoguswa inabaki 489, asilimia 55 yake ni kama 269. Anapata 1,600 toa 269, yaani kama pauni 1,331.

Mwezi wa malipo mawili: 1,800 toa 411 inabaki 1,389, asilimia 55 ni kama 764. Anapata kama pauni 836.

Tofauti ni pauni 495. Hajafanya hata dakika moja ya ziada, na mwezi ule ule inapomfikia hiyo 836 anakuwa na mshahara mmoja tu wa 900. Ukiangalia mwaka mzima hela haijapotea, imehama tu, lakini mwenye nyumba hasubiri mwaka mzima.

Anayelipwa kila wiki ana miezi minne kwa mwaka yenye malipo matano badala ya manne. Kama unapata 230 kwa wiki, mwezi wa malipo matano utakatwa kama pauni 126 zaidi. Wa kila wiki mbili ana miezi miwili yenye malipo matatu. Chora tu maduara utaona yanapoangukia.

Anayelipwa mara moja kwa mwezi angetakiwa awe salama, lakini ana shida yake, tena yake inapoteza hela kabisa. Tuseme siku yako ya mshahara ni mwisho wa mwezi na mwezi wako wa hesabu unaisha karibu na hapo hapo. Siku ya mshahara ikiangukia Jumapili wanakulipa Ijumaa, basi mishahara miwili inaingia mwezi mmoja wa hesabu na mwezi unaofuata una sifuri. Mwezi wa sifuri zile pauni 411 zisizoguswa zinakufa, hazihamishwi, na hizo thamani yake kwako ni kama pauni 226. Akina mama wanne wanaolea peke yao walilipeleka jambo hili mahakamani, na Mahakama ya Rufaa mwaka 2020 ikasema mfumo kuwatendea hivyo haikuwa na mantiki. Sheria ikabadilishwa Novemba 2020, sasa anayelipwa kwa mwezi akipata mishahara miwili ndani ya mwezi mmoja wa hesabu, mmoja unaweza kuhamishiwa mwezi mwingine. Lakini usikae ukisubiri waone wenyewe, waandikie kwenye jarida lako la mtandaoni (journal), pale kwenye akaunti mnapoandikiana nao, waambie nalipwa kila mwezi na mishahara hii miwili ni ya miezi tofauti. Sisi wa wiki nne, wa wiki mbili na wa kila wiki hatukuingizwa kwenye mabadiliko hayo, na mpaka leo linaniuma, maana mwenye kipato kidogo cha kuruka ruka ndo analipwa kwa wiki.

Hatua ya 4: Kwenye mwezi mnono, zitenge zile peni 55

Hii ni kanuni niliyojiwekea mwenyewe na ndo iliyonitoa kwenye kukopa. Chukua mwezi wako mwembamba kabisa wa mwaka, tuseme 700. Mwezi ukipata 1,100, hizo 400 za juu sio zako zote. Peni 55 za kila pauni zitarudi kukatwa mwezi unaokuja, kwahiyo pauni 220 zihamishe siku hiyo hiyo, kabla ya Asda, kabla ya kutuma nyumbani, ziende kwenye akaunti nyingine usiyotembea na kadi yake. Zile 180 ndo zako. Universal Credit ikija imekatwa, unazirudisha zile 220, nyumba haijui kama kuna kitu kimetokea.

Najua hapo kwenye kutuma nyumbani ndo pagumu. Simu inalia, mama anaumwa, ada ya mdogo wako, na wao wanajua mwezi huu umepiga overtaimu maana uliwaambia mwenyewe kwa furaha. Universal Credit haitambui hela unazotuma, kwao ni kama umezila. Mimi siku hizi natuma kiasi kile kile kila mwezi, mwezi mnono na mwembamba, nimewaeleza nyumbani kwa nini na wameelewa. Kiasi kidogo kinachofika kila mwezi kinamsaidia mama yangu kuliko kikubwa cha siku moja kisha miezi miwili kimya.

Kuna akaunti ya serikali inaitwa Help to Save, sielewi kwa nini haizungumzwi kwetu. Ukiwa kwenye Universal Credit na ulipata mshahara wa angalau pauni 1 kwenye mwezi wa hesabu uliopita unaweza kufungua. Unaweka mpaka pauni 50 kwa mwezi, mwezi usio na kitu huweki na hakuna faini, na wanakuongezea asilimia 50 ya kiwango cha juu ulichofikisha, bonasi ya kwanza baada ya miaka miwili, ya pili baada ya minne, jumla mpaka pauni 1,200.

Wanaocheza upatu nao waangalie. Akiba ya chini ya pauni 6,000 haigusi Universal Credit, kuanzia hapo mpaka 16,000 wanaanza kupunguza, ikizidi 16,000 unatoka kabisa. Na kiwanja au nyumba uliyonayo Bongo au Kenya ambayo huishi humo inaingia kwenye mali unayotakiwa kuitaja, usinyamaze ukidhani ni mbali.

Hatua ya 5: Mwezi Universal Credit ikiwa sifuri, usiondoke

Desemba umepiga mashifti ya usiku yote, mume naye kapata overtaimu, mnapokea ujumbe kwamba mwezi huu malipo ni sifuri na ombi limefungwa. Wengi wanaishia hapo, wanasema tumetolewa. Hamjatolewa. Mapato yakishuka ndani ya miezi 6, unaingia kwenye akaunti ile ile unaomba tena, maswali machache, tarehe zako zinabaki zile zile na hakuna kusubiri wiki tano upya. Lakini lazima uombe wewe, haijifungui yenyewe, na kuchelewa kunaweza kukukatia siku. Mimi naingia siku ya kwanza tu baada ya mstari mwekundu.

Kama mmepata hela kubwa sana, zaidi ya pauni 2,500 juu ya kile kiwango kilichowafikisha sifuri, ziada inaweza kubebwa kuingia mwezi unaofuata. Kwa watu wa shifti ni nadra, ila inampata anayelipwa malimbikizo ya mshahara kwa mkupuo.

Hatua ya 6: Vitu vinavyoning'inia kwenye Universal Credit

Mapato yakitikisika, haya nayo yanatikisika, na barua zake zinakuja tofauti tofauti.

Kodi ya kaunsili. Punguzo lake kila kaunsili, yaani serikali ya mtaa, ina utaratibu wake. Mahali pengine kila Universal Credit ikibadilika wanakupigia hesabu upya, unapata bili mpya na tarehe mpya za kulipa, nimewahi kupata bahasha tatu ndani ya miezi miwili. Lipa ya karibuni zaidi, na kama direct debit yako, yale malipo yanayojitoa benki yenyewe, imeruka wapigie siku hiyo hiyo, maana kaunsili ni wepesi sana kukupeleka mahakamani kwa deni la pauni themanini.

Dawa. Huku England ukiwa na Universal Credit yenye fungu la mtoto, dawa ni bure kama mapato yenu mwezi wa hesabu uliopita hayakuzidi pauni 935. Bila fungu la mtoto wala la ugonjwa ni 435. Usitiki kile kisanduku cha kupata dawa bure kwa mazoea, mwezi wa malipo mawili unaweza kuwa umevuka na faini inafika pauni 100.

Chakula cha shule. England mpaka Septemba 2026 kuna kikomo cha mapato cha pauni 7,400 kwa mwaka, na kuanzia Septemba 2026 mtoto yeyote ambaye nyumba yao iko kwenye Universal Credit atapata. London shule za msingi za serikali watoto wote wanakula bure tangu Septemba 2023.

Kikomo cha benefiti. Hiki kinaziumiza familia zenye watoto wengi na kodi kubwa. Serikali imeweka dari, kwa wenye watoto pauni 25,323 kwa mwaka ndani ya London na 22,020 nje, na ukizidi wanakata. Unasamehewa mwezi ambao mapato yenu ya mkononi yamefika pauni 846. Hiyo 846 ndo masaa 16 kwa wiki ya mshahara wa chini yakigeuzwa kuwa mwezi kamili. Sasa ona mtego wake: unayelipwa kila wiki nne ukifanya masaa 16 kamili unapata pauni 781 tu, hujafika, unakatwa miezi 11 kati ya 12. Mama mmoja alishtaki akashinda Mahakama Kuu, serikali ikakata rufaa na mwaka 2021 akashindwa. Kwahiyo kama uko kwenye hatari ya dari hili na unalipwa wiki nne, omba masaa kama 17 na nusu kwa wiki, zaidi kidogo ukiwa unakatwa pensheni, ile saa moja na nusu inaweza kukuokolea mamia ya pauni.

Carer's Allowance. Hapa naomba usome taratibu. Unayemhudumia mtoto mlemavu au mzazi na unapokea hii, mwisho wa mapato ni pauni 196 kwa wiki baada ya makato, na ukizidi hata kwa pauni moja hawapunguzi, unapoteza yote ya wiki ile. Kwa mtu wa ziro-awa huu ni ukingo wa shimo. Watu wamekuja kudaiwa maelfu ya pauni miaka baadaye. Mapato yanayopanda na kushuka yanaweza kupigiwa wastani, ila ripoti ya uchunguzi huru ulioongozwa na Liz Sayce, iliyotoka Novemba 2025, ilionyesha kuwa maelekezo ya kupiga wastani yalikuwa na kasoro kwa miaka mingi, na serikali ikakubali kuzipitia upya kesi. Ukidaiwa usikubali kimya kimya, uliza wastani walipigaje. Na kumbuka fungu la mlezi lililo ndani ya Universal Credit halina ukingo huu, linafuata zile peni 55 tu, kwahiyo hakikisha unalo.

Hatua ya 7: Chekechea na rota isiyoeleweka

Universal Credit inarudisha mpaka asilimia 85 ya hela unayolipa kwa mlezi aliyesajiliwa, mwisho pauni 1,031.88 kwa mtoto mmoja na 1,768.94 kwa wawili au zaidi. Hakuna masaa ya chini, ukifanya kazi hata masaa sita kwa wiki unastahili, ila kama mko wawili wote lazima mfanye kazi, labda mmoja awe na sababu kama ugonjwa. Ripoti risiti ndani ya mwezi wa hesabu uliolipa au unaofuata, ukipitisha hapo unaweza kukosa.

Shida ya watu wa shifti ni kwamba chekechea inataka siku zile zile kila wiki na rota haitaki. Nilichofanya ni kununua siku mbili za kudumu, afu nikamwandikia meneja kwamba siku hizi mbili niko huru mwaka mzima na nyingine tuulizane. Mameneja wengi wanapenda mtu mwenye siku za uhakika kuliko yule anayesema niko huru muda wote kisha anakataa shifti tatu. Na zile siku ukalipia halafu shifti ikafa, bado umelipia, weka risiti, ripoti.

Yale masaa 30 ya bure ya serikali ni jambo jingine, hapo kila mzazi anatakiwa ategemee kupata angalau pauni 2,539 ndani ya miezi mitatu ijayo. Kwa sisi wa kuruka ruka ile miezi mitatu inasaidia, mwezi mbaya unabebwa na mzuri. Thibitisha kila miezi mitatu, weka na hiyo kwenye kalenda.

Madereva wa kujitegemea na wa kupeleka chakula, nyie mnaripoti mapato wenyewe kila mwezi, na baada ya miezi 12 ya mwanzo wanaweza kuwahesabia kama mmepata mshahara wa chini wa masaa mpaka 35 kwa wiki hata kama mwezi ule mmepata robo yake. Mwezi mzuri hauhamishwi kuziba mbaya. Mwenye mtoto mdogo anayemlea yeye anawekewa masaa machache au anaachwa kabisa, kwahiyo hakikisheni kwenye akaunti imeandikwa sahihi nani ni mlezi mkuu.

Hatua ya 8: Namba ikiwa sio yako, ipinge

Kila malipo yakitoka, fungua ile taarifa, ufungue na slipi yako, weka kidole kwenye namba moja moja. Makosa ninayoyaona sana ni mwajiri kuripoti kwa kuchelewa mpaka malipo mawili yakaangukia mwezi mmoja, kuripoti mara mbili, au ejensi uliyoiacha kuendelea kuandika umelipwa. Likizo nayo, siku hizi ejensi nyingi zinaingiza hela ya likizo ndani ya kila malipo kwa asilimia 12.07, na kwa wasioingiza hivyo, ukitoka kazini ile iliyobaki inakuja kwa mkupuo, tegemea kukatwa. Desemba mwajiri anayelipa mapema kabla ya Krismasi anatakiwa na HMRC aandike tarehe ya kawaida ya mshahara, sio ile ya mapema. Kama ameandika ya mapema mwambie, wengine hawajui.

Ukiona kosa, piga picha slipi na benki, andika kwenye jarida lako: taarifa ya mapato ya mwezi huu naipinga, mwajiri ameandika kadhaa, mimi nimepokea kadhaa tarehe fulani, naomba mrekebishe. Maneno mafupi, namba, tarehe, basi. Wakikataa, omba uamuzi uangaliwe upya, una mwezi mmoja tangu tarehe iliyo kwenye uamuzi, na wakikataa tena kuna baraza la rufaa ambalo ni bure.

Kama Kiingereza cha simu kinakutatiza, una haki ya mkalimani wa Kiswahili, hulipi chochote. Ukipokelewa sema tu "Swahili interpreter please" na usubiri kwenye laini. Usimpe mwanao simu. Nimekaa kwenye ofisi nikamuona mtoto wa kiume wa miaka kumi hivi, bado amevaa sare ya shule, anamwambia mama yake kwa sauti ndogo kwamba wanasema mwezi huu hakuna hela.